Bajeti ya Siku ya Jumanne

Mkisikia mtu anasema serikali haina pesa, msimwamini upesi. Muulizeni kwanza: pesa hazipo, au zipo ila hazijaruhusiwa kutoka? Nimekuwa karani miaka mingi, kwanza Mahajanga kwenye baraza la mkoa, kisha nyumbani Nosy Be, na ninavyojua mimi mara nyingi zilikuwapo. Zimetulia kwa mweka hazina, na hakuna mwenye ruhusa ya kuzigusa mpaka watu fulani, ndani ya chumba fulani, wainue mikono.

Ninawaandikia ninyi mlioingia ofisini juzi, mnaodhani bajeti ni hesabu. Hesabu imo, lakini ni sehemu ndogo. Nilipoanza, uhuru wa Madagaska ulikuwa na miaka michache tu na mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka sekondari. Aibu yangu ilikuwa ya kuchekesha watu. Nikiulizwa jina, nilisema “Zaina” huku nikitazama viatu vyangu. Jioni niliandika yale niliyoshindwa kuyasema mchana, na tabia hiyo haikuniacha, ndiyo maana haya mnayasoma badala ya kuyasikia. Kiswahili nilikipata kwetu Marodoka, kijiji cha Nosy Be, kwa babu yangu, zaidi katika barua na dua kuliko katika mazungumzo. Ofisini tulisema Kimalagasi, na Kifaransa mbele ya wakubwa. Basi maneno ya watu humu mimi ndiye niliyeyaweka katika Kiswahili, na kama yamepoteza chumvi njiani, mnisamehe.

Kazi yangu ilikuwa kupiga taipu. Kila waraka wa baraza ulipitia vidoleni mwangu, kwenye karatasi ya nta tunayoiita stensili, kisha kwenye mashine ya kurudufu. Wakati wa mvua ile nta hulainika kwa joto na karatasi hugandana kama mikate ya mofa iliyorundikwa ingali moto. Dawa yake ni kuziweka stensili kwenye bati la biskuti lenye punje za mchele mkavu. Hilo sikufundishwa shuleni. Alinifundisha Bwana Kombo, karani mkuu, mtu wa asili ya Ngazija aliyekaa mtaa wa Tsaramandroso, mnene, mwenye sauti nyembamba isiyolingana na mwili wake.

Bwana Kombo ndiye aliyenifundisha pia kusoma bajeti. Usianze mwanzo, alisema. Mwanzo kuna maneno mazuri. Anza na safu ya mwaka uliopita, uiwekee kidole, kisha tazama safu ya mwaka ujao iko wapi. Pasipobadilika, hakuna mtu aliyefikiri. Pakibadilika sana, kuna mtu aliyefikiri mno. Mishahara haiguswi, kwa hiyo usipoteze macho yako hapo. Kinachobaki baada ya mishahara ndicho serikali yenyewe: mafuta ya taa, matairi, dawa, chaki, kamba za kivuko. Ni kipande chembamba sana, na wote wanagombania hicho.

Kila mkuu wa idara aliomba zaidi ya anachohitaji, kwa kuwa alijua kamati itapunguza. Kamati nayo ilipunguza kwa kuwa ilijua ameomba zaidi. Hakuna aliyemdanganya mwenzake. Mkuu mmoja wa mifugo, mgeni, aliomba kile kile anachohitaji, akiamini unyofu utaonekana. Wakamkata kama kawaida. Mwaka mzima akawa anakwenda kuchanja ng'ombe kwa baiskeli, na ng'ombe wa nyika za Boina hawamngoji mtu wa baiskeli.

Na kitu kingine: pesa isiyotumika mwaka ukiisha hurudi ilikotoka, na mwaka unaofuata unapewa pungufu. Kwa hiyo Desemba ni mwezi wa ununuzi wa ajabu. Baadaye, nilipohamia Hell-Ville, mji wa Nosy Be, idara moja ilibakiwa na fungu la ukarabati ikanunua rangi ya kijani. Wakapaka milango, wakapaka madawati, wakapaka mtungi wa maji ya kunywa. Januari tulikunywa maji yenye ladha ya mlango. Nani alaumiwe? Aliyenunua alitumia kilichoruhusiwa, kwa wakati ulioruhusiwa.

Lakini nilitaka kuwaeleza jambo la Mama Soa na masanduku yake, maana hapo ndipo nilipoielewa kazi yangu.

Mama Soa alikuwa mkunga wa serikali. Kwao ni Ambanoro, mwendo mfupi tu kutoka kwetu Marodoka, kwa hiyo Mahajanga nilimwita zoky, yaani dada mkubwa, naye aliniita zandry, mdogo wake, ingawa alikuwa na umri wa kunizaa. Alipangiwa kituo cha magharibi, ng'ambo ya mito. Mvua ikianza kwa nguvu, kivuko kinafungwa, barabara inakuwa tope, na kituo kile kinabaki peke yake mpaka Aprili. Dawa, uzi wa kushonea, pamba, sabuni, mafuta ya taa ya kuzalishia usiku: vyote vya msimu mzima lazima vivuke kabla ya maji. Kwa hiyo kila mwisho wa mwaka alikuja mjini mwenyewe kuvichukua.

Sasa shikeni hapa, maana ndipo kila kitu kilipofungwa. Bajeti ya mwaka mpya ikipitishwa kabla ya mwaka wa zamani kuisha, idara ya afya inaweza kuandika hati moja ya malipo ya msimu mzima. Isipopitishwa, serikali haisimami, la, ila inatembea kwa kuchechemea: kila mwezi inaruhusiwa kutumia kiasi cha mwezi mmoja tu, kama cha mwaka uliotangulia. Kwa mshahara wa karani hakuna tofauti. Kwa Mama Soa ilikuwa na maana kwamba Januari atapewa sanduku moja, na la pili, la Februari, litabaki bohari Mahajanga likitazama mvua.

Lilikuwa limemtokea tayari mwaka uliotangulia. Hakunisimulia kirefu. Alisema mafuta ya taa yaliisha Februari, na Machi alimzalisha mwanamke mmoja gizani akipapasa, na yule mwanamke hakuishi. “Mkono wangu ulijua kazi,” alisema, “ila damu huwezi kuiona kwa mkono.” Kisha akaniuliza kama nina sindano ya kushonea, kamba ya mkoba wake imekatika.

Mwaka ninaoueleza, kikao cha mwisho cha bajeti kilipangwa saa tisa alasiri ya tarehe thelathini na moja Desemba. Aliyepanga ni katibu wa baraza, tuliyemwita Bwana Katibu, mtu wa nyanda za juu, nadhifu, mwenye kalamu mbili mfukoni. Alikuwa amefanya bidii. Alijua Ijumaa si siku ya kuwaita Waislamu adhuhuri. Alijua Jumapili ni ya Wakristo. Alijua sikukuu za wote. Jambo moja hakulijua, nasi tuliolijua hatukutazama kalenda: tarehe ile ilikuwa Jumanne.

Mjumbe wa magharibi, Mzee Bakary, alikuwa na damu ya wafalme wa Sakalava upande wa baba, na upande wa mama alikuwa mtu wa watu wetu wa pwani, anaswali. Katika ukoo wake Jumanne ni fady, ni mwiko: siku hiyo mali haitoki nyumbani. Hukopeshi, hulipi, hutoi hata chumvi kwa jirani. Inasemekana kitakachotoka siku hiyo kitaendelea kutoka mwaka mzima bila kurudi. Na bajeti, jamani, ni nini kama si siku ya kutoa mali ya mkoa wote?

Alifika mapema, kanzu safi, akakaa kwenye kiti cha verandani nje ya ukumbi. Wenzake watatu wa magharibi wakakaa naye. Ndani wajumbe walikuwa wachache, wengine wagonjwa, wengine wamewahi makwao kabla njia hazijafungwa. Bwana Kombo aliwahesabu kwa kidole chini ya meza, akanitazama. Bila wale wanne wa verandani akidi haikutimia, na bila akidi hakuna kura.

Bwana Katibu akatoka. Nilikuwa verandani nikigawa kurasa zilizosahihishwa.

“Mzee, tunakungoja wewe tu.”

“Ninajua. Nami nimekuja.”

“Basi tuingie.”

“Nitaingia kesho.”

“Kesho ni mwaka mwingine, Mzee.”

“Mwaka ni wenu,” alisema Mzee Bakary kwa upole. “Jumanne ni yangu.”

Bwana Katibu hakuwa mjinga wala mkali. Alivuta kiti akakaa, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya verandani. Akasema yako mabaraza ya nchi kubwa ambayo bajeti ikichelewa, saa ya ukutani husimamishwa. Mshale hausogei, kwa hiyo siku haijaisha, wanaendelea mpaka wamalize. Je, hapa tusingeweza kufanya kinyume? Tuseme tu kwamba ni Jumatano, tusogeze ile saa ya ukumbini.

Mzee Bakary alicheka mpaka kofia ikasogea. “Wao wanasimamisha saa ili jua lisizame,” aliwaambia wenzake, “na mimi ndiye ninayeambiwa naamini mambo.”

Wote wakacheka, hata Bwana Katibu kidogo. Hapo nilimwona Mama Soa. Alikuwa amekaa mwisho wa veranda juu ya moja ya masanduku yake, miguu imenyooka, amesikia kila neno. Masanduku alikwisha kuyatoa bohari kwa kumwomba mtunza bohari, bila hati, na kama hati isingepatikana angeyarudisha jioni ile ile. Lori la Bwana Hasanali lilikuwa liondoke alfajiri, na Bwana Hasanali hapakii sanduku la serikali bila hati. Nisingemlaumu. Serikali ya kabla yetu na serikali yetu zote zilikwisha kumfundisha kwamba bila hati hakuna malipo.

Mama Soa akainuka, akaja, akapiga goti kidogo kama anavyopigiwa mtu wa ukoo ule. “Baba,” alisema, “Jumanne yako inaisha lini?”

Bwana Katibu akamtazama kama mtu aliyeuliza maji yana rangi gani.

Lakini mkunga anajua kwa nini anauliza. Kwetu mtoto akikaribia kutoka siku isiyofaa, wazee hukusanyika mlangoni na kubishana. Mama Soa alikwisha kuzalisha katika nyumba za kila aina. Nyumba moja siku inaisha jogoo akiwika, nyumba nyingine inaisha usiku wa manane kama ya Wazungu, nyumba nyingine inaisha ng'ombe wakirudi zizini. Jambo la kwanza analouliza, kabla hajanawa mikono, ni hilo.

Mzee Bakary akaiweka kofia sawa. “Kwa mama yangu,” alisema, “siku inaondoka na jua. Likizama tu, usiku unaoingia ni wa Jumatano.”

“Na kwa baba yako?”

“Baba yangu alioa kwa mama yangu, akazoea.”

Bwana Kombo, aliyekuwa amesimama mlangoni, akageuka kimya na kurudi ndani. Hapo nilimwona bingwa akifanya kazi. Kuna saa tatu na kitu mpaka jua lizame, na ndani kuna wajumbe wenye joto, wenye njaa, wengine wenye mialiko ya mkesha wa mwaka mpya. Mmoja akiondoka, hata wale wanne wakiingia akidi haipo. Kuwafungia huwezi. Bwana Kombo akamnong'oneza mwenyekiti, na mwenyekiti akatangaza kwamba kabla ya kura itakuwa vyema bajeti isomwe kwa sauti, kifungu kwa kifungu, ili historia isije ikasema haikusomwa. Kusoma si kutoa. Mzee Bakary angeweza kusikiliza dirishani bila mwiko wowote.

Basi Bwana Kombo akasoma. Alisoma kwa ile sauti yake nyembamba, bila haraka, akitamka kila fungu kama anasoma majina ya watakaorithi. Mafuta ya grisi ya kivuko. Nyavu za kitanda za hospitali. Posho ya mlinzi wa makaburi. Hewa ilikuwa nzito, ukumbi haukuwa na panga boi hata moja la kupozea hewa, na ndani ya bajeti ile ile kulikuwa na fungu la kununua mapanga. Mjumbe mmoja alilala waziwazi. Mwingine alianza kusahihisha matamshi, na Bwana Kombo akamshukuru kila mara na kurudia sentensi nzima. Vijana, jifunzeni hilo. Anayekusahihisha anakusaidia kupitisha wakati.

Tulipofika kwenye barabara, sauti ikatoka dirishani. Ni Mzee Bakary. Alitaka kujua kwa nini njia ya kwake, kutoka kivukoni hadi sokoni, haimo.

Bwana Katibu alisema haikuombwa.

“Basi naiomba.”

“Mzee, ukiongeza mahali lazima upunguze mahali. Jumla imefungwa.”

“Punguzeni.”

“Wapi?”

Mzee akafikiri, au alijifanya kufikiri. “Nimesikia kuna mapanga ya kuzungusha hewa. Mimi hapa nje nina upepo.”

Nitasema ninavyofikiri, kwa kuwa sasa ni mzee na simwogopi mtu. Sijui kama Mzee Bakary alikaa nje kwa ajili ya mwiko au kwa ajili ya barabara. Bwana Kombo aliamini ni barabara. Mama Soa alisema ni mwiko, kisha akasema haimhusu. Inawezekana ni vyote viwili, na kwamba yeye mwenyewe asingeweza kuvitenganisha ukimuuliza. Mkifanya kazi hii mtakutana na watu wa namna hiyo kila mwaka. Msipoteze muda kutafuta ni kipi cha kweli. Angalieni anahitaji nini ili aingie ndani. Mapanga yakafutwa, barabara ikaandikwa, nikapiga upya ukurasa ule kwa haraka, na ukumbi ule ulibaki bila hewa miaka yote niliyokaa Mahajanga.

Ugumu uliofuata hakuna aliyeufikiria. Alasiri ile mawingu ya mvua yalifunga magharibi yote. Jua halikuonekana. Mmoja wa wenzake Mzee Bakary alisema limeshazama, mwingine akasema bado. Bwana Katibu alikuwa na gazeti lenye nyakati za macheo na machweo, lakini zilikuwa za mji mkuu, na Mzee alisema jua la mji mkuu siyo lake. Wakaafikiana kungoja adhana ya magharibi kutoka msikiti wa karibu. Muadhini anajua kazi yake.

Adhana ikatoka. Mzee Bakary akasimama, akakung'uta kanzu, na Bwana Katibu akafungua mlango wa ukumbi kwa mikono miwili. Mzee akampita, akashuka ngazi, akaelekea msikitini. Wenzake nyuma yake. Kutoka ndani wakatoka wajumbe wengine Waislamu, na Bwana Kombo mwenyewe, akifungua vishikizo vya mikono. Ndiyo kwanza Jumatano imeingia, na swala nayo imeingia pamoja nayo.

“Dakika chache tu, Bwana Katibu,” alisema Bwana Kombo. “Magharibi ni fupi.”

Ni fupi kweli. Mimi mwanamke nilibaki, nitaswali baadaye. Ndani walibaki wachache, na mmoja wao, mfanyabiashara mwenye mwaliko wa chakula hotelini, alikuwa amekwisha shika kofia. Alisema ametosheka. Alisema kura yake wanaijua. Mwenyekiti alimsihi, Bwana Katibu alimsihi, na kadiri walivyomsihi ndivyo alivyozidi kujiona muhimu na kuzidi kusogea mlangoni. Mlango wenyewe ulikuwa nyuma ya meza yangu.

Nilimtazama Mama Soa kupitia dirishani. Alikuwa ameanza kuzifunga kamba za masanduku, na sikuweza kujua anazifunga kwa ajili ya lori au kwa ajili ya bohari.

Nikasema, kwa sauti iliyotoka vibaya, “Bwana, naomba radhi, hotuba yako ya kikao cha jana.”

“Imefanya nini?”

“Sina hakika kama nimeiandika vizuri. Itachapishwa kesho. Ile sehemu ya bandari.”

Alisimama. “Umeandikaje?”

Nikaanza kumsomea. Nilisoma polepole, kama nilivyomsikia Bwana Kombo. Alisikiliza akiwa amesimama, kisha akaweka kofia mezani, kisha akavuta kiti. Hapana, alisema, hapo nilisema “kwa masikitiko makubwa.” Nikaongeza makubwa. Akafikiri, akaona hata alikuwa amesema jambo jingine zuri zaidi, ambalo nina uhakika hakulisema, nikaliandika. Tulikuwa bado kwenye bandari wale waliokwenda kuswali waliporudi, miguu ina maji ya udhu, na Bwana Kombo akaingia akahesabu kwa kidole chini ya meza.

Mzee Bakary aliingia wa mwisho. Alivua viatu mlangoni, ingawa haikuwa desturi ya ukumbi ule, akaenda kukaa kwenye kiti chake kilichokuwa kitupu mchana kutwa. Mwenyekiti akauliza wanaokubali. Mikono ikainuka. Mkono wa Mzee uliinuka baada ya wote, bila haraka, na ukakaa juu hata baada ya wengine kushusha, kana kwamba anataka uonekane vizuri na kila aliyekuwapo na asiyekuwapo.

Nilimuuliza Bwana Kombo niandike saa ngapi kwenye muhtasari. Bwana Katibu alitaka saa tisa, ili isionekane wajumbe walikaa verandani nusu siku. Bwana Kombo alisema andika ilivyokuwa: kikao kilifunguliwa alasiri, kura ikapigwa baada ya magharibi. “Atakayekuja kukagua,” alisema, “ataona tu kwamba tulifanya kazi kwa muda mrefu. Hilo halijamtia mtu matatani.” Basi niliandika hivyo. Na ninyi andikeni ilivyokuwa, mara nyingi ndiyo njia yenye maswali machache.

Mkuu wa afya alikuwa amengoja chumbani kwake muda wote. Alisaini hati juu ya magoti yake, maana meza ilikuwa imejaa chakula alicholetewa na mkewe. Nikaipiga mhuri, nikampelekea Mama Soa pale verandani. Aliisoma yote, mbele na nyuma, pamoja na nyuma ambako hakukuwa na kitu. Hakunishukuru. Alinipa mwisho mmoja wa kamba nishike akaze fundo.

Alfajiri nilikwenda kumuaga. Mji wote ulikuwa umelala kwa sherehe, milango imefungwa, na manyunyu yalikuwa yameanza. Bwana Hasanali alisimama mbele ya lori lake na taa ya mkono, akaichunguza ile hati kama mtu anayetafuta jiwe kwenye mchele. Mama Soa alikuwa amekwisha panda, amekaa mbele, pakacha la maembe mapajani.

“Bibi, hapa pana jambo,” alisema Bwana Hasanali. “Pesa ni ya mwaka huu. Tarehe ni ya mwaka jana. Huyu aliyesaini alisaini jana au leo?”

“Inategemea utamuuliza nani,” alisema Mama Soa. “Mhuri upo?”

“Mhuri upo.”

“Saini ipo?”

“Ipo.”

“Basi washa gari, Baba. Mto haujui tarehe.”

Bwana Hasanali akaikunja hati, akaitia mfuko wa ndani wa koti, akagonga boneti kumwashiria dereva. Masanduku yalikuwa nyuma, chini ya turubai, yote. Siku chache baadaye mvua ikashuka sawasawa na kivuko kikafungwa.